Ukurasa wa Kwanza wa Bi Pasi

Tovuti ya Bi Pasi ilikuwa nzuri mno, na shida ilianzia hapo hapo. Ilikuwa na rangi ya samawati aliyoitaka mwenyewe, na picha yake amekaa kwenye kiti cha sebuleni, gauni la bluu, kola imesimama wima, kitambaa cha kichwa kimefungwa kikafungika, meno yote mdomoni. Chini ya picha kulikuwa na maneno yake, aliyoyatamka moja moja huku mwanawe wa mwisho akiandika: "Mimi ni dobi mkuu mstaafu wa hoteli. Nimepiga pasi mashuka waliyolalia mawaziri na wezi, na sikuunguza hata moja. Sasa macho yangu yameingia mtoto wa jicho na sioni. Naomba mnisaidie matibabu. Nikipona nitafundisha vijana kazi."

Kulikuwa na ukurasa wa Kazi Zangu, na wa Familia Yangu, na mwingine ulioitwa Namna ya Kukunja Shuka Lenye Mpira. Huo wa shuka watu waliupenda kweli. Walikuwa wanaingia, wanajifunza kukunja, wanaondoka zao. Pembeni kulikuwa na mstari mweupe uliotakiwa kujaa rangi ya kijani kadiri michango inavyoingia. Mstari ulibaki mweupe kama hayo mashuka.

"Mnaona tatizo?" mwanawe wa mwisho aliwauliza dada yake na shemeji yake, kompyuta ameiweka juu ya meza ya chakula katikati ya vyombo. Alikuwa amesoma kozi fupi ya kusimamia tovuti, na tangu aimalize hajashika kazi nyingine, wala hiyo yenyewe. Nyumbani walimwita Meneja. Wao walikuwa wanamtania, lakini yeye alilichukua jina kama cheo.

"Tatizo watu hawana huruma," alisema dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa anamlea mama yao, anamwogesha, anamshika mkono mpaka chooni.

"Huruma wanayo. Sisi ndio hatujawapa pa kuiweka. Sikiliza dada, mtu akiingia kwenye tovuti anataka kujua vitu viwili tu, nimefika wapi na nifanye nini. Sasa hapa anaingia anamkuta bibi kavaa kuliko yeye. Afanye nini? Labda amkope."

Mume wa dada, fundi mwashi, alicheka mpaka chai ikampalia. Meneja hakucheka.

"Tunapanga upya. Ukurasa mmoja. Picha moja. Kitufe kimoja, kikubwa, chekundu. Chochote kinachomchelewesha mtu kufika kwenye kitufe, tunakitoa."

"Kama kipi?"

"Kama hilo gauni. Kama hiyo hadithi ya hoteli. Kama meno."

Fundi akaacha kucheka. Chumba cha pili pasi ilikuwa inasikika, ile sauti yake ya kukwaruza taratibu. Bi Pasi alikuwa anapiga pasi kwa vidole. Anatanguliza mkono wa kushoto, anahisi kunjo, anaipitisha pasi nyuma ya mkono, na hajawahi kujiunguza. Aliyewahi kuungua nyumba ile ni binti yake, alipokuwa anafundishwa utotoni, na alama ya ncha ya pasi ilikuwa bado imekaa juu ya kifundo cha mkono wake kama pembetatu ya mwanafunzi wa hesabu.

"Mama hatakubali," alisema binti.

"Mama haoni," alisema Meneja.

Hilo ndilo la kutia kinyaa kuliko yote yaliyofuata. Lilisemwa mezani, mchana kweupe, mbele ya watu wazima wenye akili zao, na kila mmoja akalitazama kidogo kisha akaendelea na chai.

Binti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. Alikuwa amekwenda hospitali ya umma akaambiwa foleni ya macho imejaa, arudi, akarudi, akaambiwa mashine imeharibika, arudi. Daktari wa kliniki ya kulipia alishamwambia wakikawia zaidi hata hilo jicho la kulia lenye matumaini halitatibika. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna njia, hakuulizi njia inapita wapi.

* * *

Ugumu ulikuwa nguo. Bi Pasi huwezi kumvalisha nguo mbovu, atajua kwa vidole. Ukimsalimia tu anakupapasa kola. Mgeni yeyote aliyeingia nyumba ile alipapaswa kola na kuambiwa hali yake. Siku moja alimpapasa askari aliyekuja kuuliza mambo ya mtaa, akamwambia, "Baba, serikali imekupa shati, pasi je, haikukupa?"

Meneja akaja na wazo la kuosha nywele. Kwa kuosha nywele mtu anavua kitambaa, anavaa kitu chakavu kisilowe, anainama, na Bi Pasi alikuwa na kawaida ya kutoa meno yake ya bandia asije akayaangusha kwenye beseni. Vyote vinavyotakiwa vinakuja vyenyewe. Mahali palikuwa uani kwa jirani, Mama Kuku, penye banda lililopinda, mabati yenye kutu, na uchafu wa kuku ulioganda kama saruji.

"Kwa nini tusioshee bafuni kwetu?" Bi Pasi aliuliza, binti yake akimwongoza.

"Kwetu maji yamekatika, mama. Kwa Mama Kuku yapo."

"Na shati hili la nani? Lina mchanga."

"La mume wangu la kazini. Tusiharibu gauni."

"Kola yake imekufa kabisa hii. Mwambie mkwe aniletee." Akakaa kwenye kiti cha mbao kilichovunjika mgongo, akanusa. "Kunanuka kuku."

"Si uani kwa Mama Kuku, mama."

"Mwenyewe yuko wapi? Sitaki anione kichwa wazi."

"Ameenda sokoni."

Mama Kuku alikuwa amesimama pale pale karibu na mlango wa banda, kiganja mdomoni, macho yamemtoka kama yuko sinema. Bi Pasi alifunga kichwa tangu siku anaolewa. Hata marehemu mumewe alikuwa anamtania kwamba amelala na kitambaa miaka yote hajui kama ana mke au mfuko wa maharage. Sasa kitambaa kikavuliwa, nywele nyeupe zikaanguka, chache, nyembamba, na meno yakawekwa kwenye bakuli. Mashavu yakaingia ndani. Kwa dakika chache akawa bibi mwingine.

Meneja alizunguka bila viatu, simu mkononi, sauti ya kamera ameizima. Alifanya kazi kama mtu mwenye kipaji. Alimwashiria dada yake aondoe taulo, likaondolewa. Akachota pumba akazimwaga miguuni kwa mama yake, kuku wakaja mbio, wakaanza kudonoa katikati ya vidole vyake.

"Hawa kuku wana nini na mimi?"

"Wanakupenda, mama."

"Wana upendo wa kuumiza."

Binti akapaka sabuni. Povu likateremka kwenye paji la uso, likaingia machoni, macho yakaanza kutoa machozi. Binti akachukua kopo la maji amsuuze. Meneja akainua kidole. Subiri.

"Mwanangu, sabuni inaingia macho."

Kidole bado kiko juu. Meneja amechuchumaa, amesogea karibu, simu imeinama, machozi yanateremka kwenye mashavu yaliyoingia, kuku miguuni, bati la kutu nyuma. Binti ameshika kopo hewani.

"Subiri kidogo, mama."

"Nasubiri nini, si umwage maji tu?" Akanyoosha mkono akapapasa, akaushika mkono wa binti yake, kidole gumba kikapita juu ya ile pembetatu ya pasi. "Mbona unatetemeka? Maji ya baridi?"

Kidole kikashuka. Binti akamwaga maji yote kwa mpigo, hata yaliyokuwa hayahitajiki. Mama Kuku akaja baadaye mlangoni kuuliza kama banda lake lina fungu lolote, kwa sababu na kuku wake walikuwa wameigiza.

* * *

Ukafanya kazi. Ndilo linalochefua, ukurasa ulifanya kazi. Picha moja, kitufe kimoja, na maneno machache ya kuchoma moyo: "Bibi huyu hana mtu. Analala na kuku. Anakwenda kuwa kipofu. Bonyeza hapa." Mstari wa pembeni ukaanza kuwa wa kijani asubuhi, mchana umepanda, jioni umepanda. Meneja alikuwa anauangalia kama mtu anayeangalia mpira, anapiga paja kila unaposogea. Kila siku alibadilisha kitu. Akihamisha kitufe juu kidogo, watu wanabonyeza zaidi. Akiandika "bibi" wanatoa, akiandika "mama" wanatoa pungufu. Akajua saa ambazo watu wana huzuni, akaanza kurusha ukurasa saa hizo.

Fundi aliyajua haya akiwa juu ya jukwaa la miti, anapiga lipu ukuta wa ghorofa. Saidia fundi wake alimfuata na simu.

"Bosi, huyu si mama mkwe wako? Hapa wanasema mkwe wake alianguka ghorofani akafa. Binti amebaki mjane."

Fundi akanawa mikono ndipo akaishika simu. Akasoma. Akarudia. Chini kulikuwa na watu wengi waliokuwa wamemwombea alale mahali pema.

Kufika saa ya chakula eneo zima la ujenzi linajua. Kutoka siku hiyo hakuitwa fundi tena. "Marehemu, leta kamba." "Mpisheni Marehemu anapita." "Jamani Marehemu anakula hivyo, akiwa hai ingekuwaje?" Mpishi wa chakula cha vibarua alimnyima mchuzi, akasema huko aliko hawahitaji.

Aliingia nyumbani hajavua hata buti.

"Shemeji, mimi nimekufa lini?"

Meneja hakunyanyua macho. "Usilipeleke moyoni, shemeji. Watu wakijua ndani ya nyumba kuna mwanaume mwenye mikono miwili, wanauliza kwa nini yeye asilipe. Nilijaribu bila wewe na nilijaribu na wewe. Bila wewe inakwenda vizuri zaidi."

"Na kuanguka ghorofani umekutoa wapi?"

"Si lazima kifo kifanane na kazi?"

"Ungeniua kwa homa. Ghorofa ndiyo ninaipanda kesho, wewe mtoto."

"Homa haina nguvu kwenye ukurasa."

Fundi akamgeukia mkewe. Alitaka aseme neno moja tu, hata dogo. Mkewe alikuwa ameutazama ule mstari. Ulikuwa umevuka nusu. Fundi naye akautazama. Yeye mwenyewe alishauza baiskeli na mashine ya kukatia vigae, na fedha hiyo haikufika hata robo ya ule mstari. Mfu alikuwa amechangia kuliko yeye. Akatoka nje akavua buti, akazigonga ukutani muda mrefu, udongo ulishatoka zamani bado anagonga.

"Mkwe anagonga nini?" Bi Pasi aliuliza kutoka chumbani.

"Anasafisha viatu, mama."

"Basi leo ataingia mbinguni."

* * *

Kila jioni Bi Pasi alitaka kusomewa. Alikuwa amejua kwamba michango imeanza kuingia, na kwake ilimaanisha jambo moja, kwamba watu wameisoma habari yake wakaiheshimu. Anakaa kitandani, mgongo wima, mikono juu ya magoti kama mtu aliyekuja kwenye usaili.

"Haya, wanasemaje leo?"

Binti ndiye aliyekuwa anasoma, kwa sababu Meneja alisema yeye ni mtu wa takwimu. Anashika simu ya mdogo wake, na kwenye kioo kumeandikwa: "Bibi pole, watoto wako ni wanyama." Anasema:

"Huyu anasema hongera kwa kazi nzuri ya hoteli."

"Nani huyo?"

"Hakuweka jina."

"Mwingine."

Kumeandikwa: "Nimelia. Nimeona kuku anamdonoa. Waliomtupa huko walaaniwe na vizazi vyao."

"Huyu anasema gauni la bluu limekupendeza."

Bi Pasi akatabasamu, akainyoosha sketi yake. "Nilimwambia mdogo wako, ya bluu ndiyo. Alitaka nivae lile la maua. Mwingine."

"Mwingine anauliza lile shuka lenye mpira, kona ya tatu unaishikaje."

"Aa, hapo wengi wanakwama. Mwandikie hivi, kona ya tatu usiishike kwa nje, ingiza mkono ndani kama unavaa soksi. Andika. Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

Hakuandika kitu. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya neno walaaniwe. Na vizazi vyao. Aliirudisha simu kwa mdogo wake, na kutoka siku hiyo akaanza kutunga bila kusoma, anaigeuza simu uso chini, anamsomea mama yake mgongo wa simu. Kuufungua ule ukurasa tena hakuweza. Alisema ukimaliza kazi yake utafutwa, kuna haja gani ya kuutazama.

"Lakini ukifutwa mama akapona," Fundi alimwuliza chumbani kwao, "akitaka kuiona tovuti yake?"

"Utarudishwa ule wa zamani. Nimeshamwambia."

"Umemwambia nani? Huyo?"

"Ni mdogo wangu."

"Mimi ni mume wako na aliniua."

* * *

Mstari ukajaa. Hela ya kliniki ikatoka, daktari akapanga kuanza na jicho la kulia, la kushoto lifuate hilo likipona. Fundi aliingia sebuleni jioni hiyo amebeba soda, kwa sababu kweli kulikuwa na sababu ya kunywa soda, akaukuta mstari umerudi nyuma. Ulikuwa nusu tena.

"Umepungua?"

"Haujapungua. Nimeurefusha." Meneja alikuwa na simu mpya, pana, ameilaza juu ya kitambaa laini. Ya kazi, alisema. "Ukurasa unaokimbia haufungwi, shemeji. Mtu anaweza kutengeneza maisha yake yote asipate ukurasa unaokimbia kama huu."

"Macho ya mama yameshalipiwa."

"Kuna gharama za uendeshaji."

"Kuendesha nini? Kuku?"

Binti akaingia kati. Aliongea kwa sauti ya chini kwa sababu mama yao alikuwa upande wa pili wa ukuta anajipangia nguo za kwenda kliniki, anazipiga pasi mara ya pili. "Nisikilize. Mama akifunguliwa bandeji ile picha isiwepo. Umenielewa? Rudisha gauni la bluu. Rudisha maneno yake. Rudisha mpaka shuka."

"Dada, Ijumaa."

Ijumaa akasema anasubiri mtandao utulie. Baada ya hapo akasema kuna mtu ameahidi mchango mkubwa, angemkatisha njiani. Asubuhi ya kwenda kutoa bandeji dada yake alimvizia mlangoni.

"Umerudisha?"

"Nimesharudisha."

"Niangalie."

Akamwangalia, na macho yake hayakupepesa. "Nimerudisha, dada. Fungua mwenyewe uone."

Alijua hatafungua. Alikuwa anamsimamia dada yake kama alivyoisimamia tovuti, anajua kitufe chake kiko wapi.

* * *

Bi Pasi alirudi kutoka kliniki anatembea mwenyewe. Binti alikuwa pembeni yake, mkono umejiweka tayari kumshika kwa mazoea, na haukuwa na cha kushika. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kidogo, linatoa maji, lakini linaona. Aliona ukuta wa sebule akasema umepakwa rangi ya mchele. Aliona meza, pazia, binti yake. Alimtazama binti kwa muda, akamshika shavu, akasema, "Umekonda. Au ulikuwa hivi hivi?" Kisha akamwona mkwe wake amevaa shati la kutokea kwa heshima ya siku.

"Na hili, kalipiga pasi nani? Ng'ombe?"

Fundi akacheka akafuta macho. Meneja naye akacheka, amekaa kwenye mkono wa kochi, mguu mmoja unachezacheza.

"Kioo kiko wapi?"

"Kilivunjika, mama," alisema binti haraka. Kioo kilikuwa chini ya godoro. Alikiondoa kwa kuogopa tu, hakujua anaogopa nini.

"Nafuu. Nitajizoea kidogo kidogo." Akakaa kwenye kiti chake, kile kile cha kwenye picha, akakunjua sketi. "Haya. Kabla sijachoka, nionesheni tovuti yangu. Nimeisikia kwa masikio muda wote huu. Nataka nione hilo gauni."

"Mtandao leo uko chini," alisema Meneja.

"Kwenye simu yako hiyo kubwa yote?"

"Hasa kwenye hii."

"Chukua ya mume wangu," alisema binti, na siku nyingi hakuwa amefurahi namna ile. Alitaka mama yake aione. Alitaka yeye mwenyewe aione, gauni la bluu na kola, ajue yale yamepita. Akamnyang'anya Fundi simu, akaandika anwani, na kabla ukurasa haujamaliza kufunguka akaiweka mikononi mwa mama yake. "Jisomee mwenyewe, mama. Mimi naleta chai."

Meneja alisimama. Akakaa. Fundi alimwona akisimama na kukaa, na papo hapo akajua.

Bi Pasi aliisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akapata umbali wake. Binti akarudi na sinia, akamkuta mama yake ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya mtu akiona ajali.

"Kumbe mmemweka na mwingine," alisema Bi Pasi.

"Mwingine nani?"

"Huyu mama. Maskini wa Mungu." Akasoma kwa sauti, polepole, midomo imefurahi kusoma tena ingawa maneno yenyewe yalikuwa vile. "Bibi huyu hana mtu. Analala na kuku. Hm. Mkwe wake alianguka ghorofani. Unasikia, mkwe? Na huyu alikuwa fundi. Uangalie huko juu, baba."

"Naangalia, mama," alisema Fundi.

"Amefanya vizuri mdogo wenu kumsaidia. Nilidhani anajisaidia mwenyewe tu." Akamtazama Meneja kwa upendo, mara ya kwanza kumwona tangu akiwa kijana wa shule. Meneja akatazama chini. "Lakini watoto wa huyu mama wako wapi? Hana hata jino. Na nywele hizi wamemwachia wazi, kila mtu anaziona."

Chai ilikuwa inamwagika kwenye sinia. Binti hakuiona.

"Na hii ni sabuni," alisema Bi Pasi. Sauti ilibadilika, ikawa ya kazini, ile ya mtu aliyesimamia chumba cha kufulia. "Haya si machozi, hii ni sabuni. Angalia, povu liko hapa kwenye nyusi. Kuna mtu anamwosha hapa, na amemwacha na sabuni machoni. Mtu mwenye macho mabovu. Unaanzaje?"

Akaisogeza simu karibu zaidi na jicho.

"Na shati lenyewe. Hebu ona kola."

Vidole viwili vikaenda kwenye kola. Havikuweza kujizuia, vilishazoea. Akaipapasa kola ya bibi yule juu ya kioo cha simu, anainyoosha kutoka katikati kwenda nje, na chini ya vidole vyake picha ikakua. Kola ikawa kubwa, ina mchanga wa saruji. Akapapasa tena. Picha ikatelezea upande, ikaonesha pembeni yake, mahali ambapo Meneja alikata vibaya kwa haraka. Pale kulikuwa na kopo la maji limeinuliwa hewani, na mkono ulioshika kopo, na juu ya kifundo cha mkono, alama.

Bi Pasi akaacha kupapasa. Akaitazama ile alama. Akajigusa mdomo, akayahisi meno yake. Akapandisha mkono mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, akakishika hapo, kama kuna mtu alikuwa anakivuta.

Binti aliweka sinia chini na kuvuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole.

Bi Pasi alikuwa hajanyanyua uso kwenye simu.

"Mwanangu," alisema, "sogea hapa kwenye mwanga. Lete huo mkono."